Msikiti wa mtunza taa

Muulize aliyewahi kushuka Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, ameona nini, atakutajia matumbawe, kisha ule mnara wa taa. Msikiti haukumbuki mpaka umtajie. Mimi naona kisa chote kimo msikitini.

Mnara waliujenga Waingereza mwaka 1904, ili meli zinazoingia Unguja usiku zisije zikapanda mwamba. Kisiwa chenyewe ni jiwe tupu la matumbawe. Kisima cha maji baridi hakuna. Ulichokinga mvua ikinyesha ndicho utakachokunywa. Hapo ndipo alipowekwa mtunza taa, na chini ya mnara pakawa na nyumba yake na kimsikiti chenye paa la mtindo wa Kihindi. Msikiti haujengwi kwa ajili ya mpita njia. Sala ya Ijumaa kwetu sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii inataka watu arubaini. Pale sidhani kama walitimia kumi.

Mwaka 1926 mnara ukafungwa mtambo wa gesi wa AGA, kampuni ya Gustaf Dalén, Mswidi aliyebuni vali ya jua. Ndani yake mna fimbo nyeusi: jua likiipiga hutanuka na kufunga gesi, jua likizama hunywea, gesi ikapita, taa ikawaka bila mkono wa mtu. Kwa kazi hiyo Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huohuo gesi ilimlipukia, akawa kipofu. Alizipa taa jicho la kulijua jua, lake likafumba.

Sina ugomvi na gesi. Haiugui, haisinzii, haina watoto wa kupelekwa mjini kwa mganga. Kinachonikera ni sisi: mwaka wa mnara tunao, kampuni ya mtambo tunaijua, lakini binadamu aliyekuwa akiiwasha taa tumemwacha bila jina. Nilimuuliza nahodha aliyetuvusha kama amewahi kulisikia. Akacheka. “Bwana wee, mimi nikitazama kule nauliza taa inawaka au haiwaki.”

Wenzangu walipoanza kupanda ngazi za mnara, nilivua viatu nikaingia msikitini. Ni chumba kidogo, chenye ubaridi, na bahari unaisikia ukiwa umesujudu. Nikasali rakaa mbili, nikamwombea maghufira mtu nisiyemjua jina. Juu huko walikuwa wanaitana kupiga picha.