Mbwa wa maskini huku Uingereza ana hospitali, Moshi ana bwana mifugo na pikipiki yake

Wiki iliyopita mama kanipigia kutoka Moshi, huku Birmingham ilikuwa alfajiri ndo natoka shifti ya usiku (natunza wazee, kazi yetu wengi huku), simu ya saa hizo moyo unapiga paa, nikajua tayari kuna msiba. Kumbe ni Simba. Simba ni mbwa wetu pale Pasua, mzee wa miaka tisa hivi, kapigana na mbwa wa jirani paja lote limechanika na inzi wameshaanza kutaga. Mama anauliza nina shilingi ngapi.

Sa kilichonifanya nicheke kwenye basi peke yangu ni kwamba wiki mbili kabla paka wangu na yeye alirudi kang'atwa, shavu limevimba kama kaficha andazi, nikampeleka kwa daktari wa wanyama wakakamua jipu, sindano moja, vidonge vya wiki, haya mama lipia hapo, paundi 240. Karibia laki nane ya kwetu! Bwana mifugo wa mama kwa Simba kasema elfu ishirini na tano, kusafisha kidonda, sindano siku tatu na ile spray ya bluu, tena na kufuatwa nyumbani. Mama kaona ni hela nyingi na kwa kipato chake cha kuuza ndizi Kiboriloni ni nyingi kweli, simlaumu.

Watu wa nyumbani wanadhani huku wanyama wanatibiwa bure kama binadamu. Hamna. Ile NHS, huduma ya afya ya serikali yao, ni ya watu tu, mnyama ni mfuko wako au bima, na bei zimepanda mpaka 2024 mamlaka yao ya ushindani wa biashara ikafungua uchunguzi rasmi wa soko zima la madaktari wa wanyama. Mzungu mwenyewe analia.

Ila kuna kitu wanacho sisi hatuna. Kuna shirika linaitwa PDSA, lilianzishwa 1917 na mama mmoja Maria Dickin, alifungua kliniki kwenye chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, London mashariki, enzi hizo uswahilini kabisa, watu wana punda na mbwa na paka na hela ya daktari hawana. Mpaka leo wana hospitali zao mijini, wewe kama unapokea ruzuku ya serikali kwa ajili ya kipato kidogo na unaishi eneo lao, mnyama wako anatibiwa bure au kwa bei ya chini sana. Wengine wanaitwa Blue Cross, hao wapo tangu 1897, wao mpaka chakula cha mbwa na paka wanagawa kwa wenye shida. Mara ya kwanza kuona mtu anapewa kiroba cha chakula cha paka msaada nilisimama nikaduwaa, nikawaza shangazi yangu angeona hii angesema dunia imeisha.

(Halafu mjue hao hao PDSA ndo walimpa medali ya dhahabu yule panya wetu Magawa mwaka 2020, panya buku mzaliwa wa Morogoro, kafundishwa pale chuo kikuu cha kilimo SUA na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, akaenda kuyatafuta Kambodia. Mtanzania wa kwanza ninayemjua kupata kitu kwa PDSA na ni panya.)

Mana mimi mwenyewe sipati. Ngoja niwaambie hapa pakoje. Viza yetu ya kazi ina sharti kwamba huruhusiwi kugusa ruzuku za serikali, sasa milango ya PDSA inafunguka kwa barua ya ruzuku. Kwa hiyo mwenye nyumba ya serikali na ruzuku mbwa wake anatibiwa, mimi nayelala masaa manne tu, nusu ya mshahara inaenda kodi, nyingine inaenda Moshi, kwenye makaratasi mi si maskini. Siwalaumu PDSA, hela zao ni za michango na lazima wachore mstari mahali. Lakini umaskini wa kuthibitishwa kwa barua una watu wake na mi simo.

Nyumbani hakuna barua. Bwana mifugo anamjua mama, anajua lini kauza na lini hajauza, anamwambia lete kumi leo nyingine mwisho wa mwezi. Huo ni msaada jamani, ila unatoka mfukoni kwa mtu mmoja ambaye na yeye ana watoto wa ada, na dawa kanunua cash duka la mifugo. Ndo mana wagonjwa wake wengi ni ng'ombe na nguruwe, mbwa anakuja mwisho, mbwa hana maziwa.

Na hapa huwa kuna mtu lazima aseme "watu wenyewe hawana hela ya dawa we unaongelea mbwa". Sawa kaka. Pasua, Njoro, Majengo huko, nani anafuga mbwa? Si mwenye fensi ya umeme. Ni mama mwenye mlango wa mbao na kuku sita, mbwa ndo mlinzi wake, anakula makombo na ukoko na dagaa wa elfu moja. Na huyo mbwa asipochanjwa kichaa cha mbwa anayeumia ni mtoto wa huyo huyo mama. Mdogo wangu aling'atwa akiwa darasa la tatu, mbwa hajulikani wa nani, nakumbuka baba anahesabu hela mezani usiku, sindano ya binadamu haikuwa moja, unarudi tena na tena, na kila ukirudi nauli na hela ya sindano, mara ya tatu tukaambiwa dawa imeisha katafuteni kwingine. Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna kupona. Na chanjo ya mbwa mmoja ni bei ya soda kadhaa tu!

Chanjo za bure zinakuja, sikatai, hasa karibu na tarehe 28 Septemba siku ya kichaa cha mbwa duniani, unaona foleni ya watoto wamefunga mbwa kamba ya katani. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa asilimia 70 ugonjwa unakatika wenyewe. Ila angalia hizo chanjo zinamfuata nani. Serengeti 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, iliua karibu theluthi ya simba wa porini, baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakapata sana watu wa kuwachanja. Vizuri. Lakini hapo anayelindwa ni simba na mtalii, na kwenye kichaa ni binadamu, mwenye mbwa kama mwenye mbwa hajawahi kuwa sababu. Simba wetu akichanika paja hilo halimtishi mtu yeyote, hivyo halina kampeni.

Kuhasi ndo kabisa. Jike moja mtaani kwetu linazaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanawekwa kwenye kiroba na kutupwa mto Karanga, sote tumeona na tumenyamaza. Sio roho mbaya, ni kwamba kumhasi jike ni operesheni na hela yake mama wa ndizi hana. Upande wa Arusha wapo Mbwa wa Africa pale Usa River, wanahasi na kuchanja, lakini mji mzima na mwingine wa jirani utabebwa na kituo kimoja kweli?

Mi sitaki tujengewe PDSA Moshi. Nataka kitu kidogo cha kwetu. Tuna vikoba kila kona, tuna chuo cha mifugo pale Tengeru kinachotoa vijana kila mwaka wengine wanaishia kuuza vocha. Halmashauri ikiwalipa wawili watatu mshahara wa kuzunguka mitaa na boksi la dawa, watu wachange buku buku kwa mwezi kwenye kikoba cha mtaa, bwana mifugo alipwe hata kama mama hajauza. Bila barua ya kuthibitisha umaskini, mjumbe anajua nani hana.

Anyway nimetuma elfu thelathini. Mama kanijibu jana, kidonda kimekauka, Simba kaanza kubweka bodaboda, na ile elfu tano iliyozidi mama kampa bwana mifugo, kaikataa kachukua mkungu wa ndizi. Paka wangu na yeye yuko poa, hapa kalala juu ya yunifomu yangu ya kazi.