Walimpa Nyota, Kisha Wakamwibia

Kaka yangu alibonyeza rimoti, picha ikaganda, akanigeukia. "We, umesikia? Amemwita Nyota?" Nikamwambia masikio yake ni mazima. Hakuridhika, akarudisha nyuma. Kwenye runinga ni Star Trek, hadithi ya Marekani ya safari za angani, na Spock na Uhura, wafanyakazi wa chombo kiitwacho Enterprise, wamesimama pale wanaporushiwa watu kwenda chombo kingine, wanaagana kwa mabusu mbele ya wafanyakazi wenzao, na Spock anamwita kwa jina lake la kwanza. Kirk, mwenzao, ambaye amelisaka jina hilo tangu walipokutana baa kule Iowa, anaduwaa: kumbe anaitwa Nyota! Spock anamjibu, kwa ule uso wake usiokunjuka, kwamba hana la kusema kuhusu jambo hilo. Kaka alicheka mpaka chai ikamwagikia msuli.

Ilikuwa 2009, na filamu yenyewe ni ile ya mwongozaji J.J. Abrams, iliyoanza hadithi upya kwa waigizaji wapya. Tuliiangalia kwenye deki, DVD ya kununua barabarani, maandishi ya chini yakichelewa kama sekunde tatu hivi, kiasi kwamba mtu alikuwa anakufa kwanza ndipo anasema maneno yake ya mwisho. Sisi wawili tulikuwa tunacheka. Huko Marekani mashabiki wa zamani walikuwa wameshagawanyika makundi, na baadhi yao hawakuwa wanacheka hata kidogo.

Kwa asiyefuatilia: tamthilia ya kwanza ilianza kuonyeshwa NBC tarehe 8 Septemba 1966, ikafutwa 1969 baada ya misimu 3 na vipindi 79. Marudio ndiyo yaliyoikuza hadi ikawa karibu dini. Zikaja filamu, zikaja tamthilia nyingine, mpaka watu wakachoka: filamu ya 2002 ilidoda, na 2005 tamthilia iliyokuwa imebaki hewani ikafutwa. Ndipo studio ya Paramount ikamkabidhi kazi Abrams, mtu aliyesema waziwazi kwamba alipokuwa mdogo moyo wake ulikuwa kwa Star Wars, hadithi nyingine ya vita vya angani. Fikiria Yanga wanamleta kocha mpya, na siku ya kutambulishwa anasema yeye tangu utotoni ni Simba. Ndivyo mashabiki walivyojisikia.

Wakaanza kuhesabu makosa. Chombo cha Enterprise kinaundwa nchi kavu, kwenye mashamba ya Iowa, wakati kila muumini alishajua kiliundwa angani. Chumba cha injini kilipigwa picha kwenye kiwanda cha bia cha Budweiser huko Van Nuys, California, na kweli ukikitazama unaona kiwanda cha bia. Kila taa ikiwaka inapiga miale kwenye lenzi utadhani mpiga picha amesahau kuifuta (baadaye Abrams mwenyewe alikiri kwamba alizidisha). Kirk anaanza safari akiwa mwanafunzi aliyesimamishwa chuo, anaimaliza akiwa kapteni. Hata mgambo hapandishwi cheo kwa kasi hiyo.

Lakini lililowauma kuliko yote ni Vulcan. Sayari nzima, kwao Spock, inamezwa na shimo jeusi mbele ya macho yetu. Mama yake anaporomoka na jabali alilosimamia wakati tayari wameanza kunyakuliwa kurudi chomboni, na Spock anatokea upande wa pili mkono ukiwa bado umenyooshwa, hauna kitu. Kisha anakaa na kukadiria, kwa sauti ya karani, kwamba waliosalimika hawazidi 10,000. Mtu aliyeijua Vulcan kwa zaidi ya miaka 40 anatazama hayo kama anayeoneshwa picha ya nyumba ya bibi yake ikisukumwa na buldoza.

Mimi nimekulia banda la video. Mara nyingi nilikuwa msichana pekee kwenye benchi, nimeingia kwa mgongo wa kaka. Pale filamu ya Hong Kong au ya Marekani ilikuja imeshapita mikononi mwa DJ wa kutafsiri, na DJ hakutafsiri, alisimulia upya. Adui alipewa jina la mtaa wa jirani. Mjomba alikuwa baba mzazi kwa sababu DJ aliona inanoga zaidi. Watu wakiwa kimya kwenye skrini kwa dakika mbili, DJ aliwawekea maneno, na mara nyingine maneno yake yaliizidi filamu. Sikumbuki hata siku moja mtu akisimama kulalamika kwamba hadithi imepotoshwa. Sheria ilikuwa moja tu: steringi hafi. Kwa hiyo nilipomwona George Kirk, baba yake Kirk, kijana mwenye kila sifa ya usteringi, anakufa kabla hata jina la filamu halijatokea, nilijua Abrams ana roho ngumu. Alikuwa kapteni kwa dakika 12 na akaokoa watu 800. Kule bandani nusu ya chumba wangedai kiingilio chao.

Basi siwezi kusema ninaujua ule uchungu wa kuona hadithi inaguswa. Ila siwacheki wanaousikia. Hawa ndio waliomiminia NBC barua mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi msimu wa tatu ukapatikana. Hawa ndio walioandika barua mwaka 1976 mpaka chombo cha kwanza cha safari za angani cha aina ya "shuttle" kikabatizwa Enterprise. Mwaka 1982, fununu zilipovuja kwamba Spock atakufa kwenye filamu ya mwaka huo, waliwaka moto hadi waandaaji wakatia kwenye filamu kifo cha uongo mapema, kwenye mazoezi ya mwanzoni, ili kuwapoza. Kitu ulichokiokoa kwa stempu za posta unakiona chako. Ndiyo maana nao walitaniwa sana: The Onion, wale wa habari za mzaha, walitoa kipande wakidai mashabiki wamechukizwa kwa sababu filamu mpya inafurahisha na inatazamika.

Tena si wote walionuna. Kuna jioni moja ya Aprili 2009 ambayo ningelipa nauli niwepo. Ukumbi wa sinema wa Alamo Drafthouse, mjini Austin, Texas, uliwaita mashabiki waje kuiangalia ile filamu ya zamani ya 1982, na kuongezewa dakika chache za vipande vya filamu mpya. Wakaja. Filamu ikaanza, baada ya dakika kadhaa ikakatika, picha ikaungua palepale kwenye skrini. Wakati watu wanaguna, mzee mmoja akapanda mbele. Leonard Nimoy. Spock mwenyewe, yule wa tamthilia ya kwanza. Akawauliza kama si afadhali waone hiyo mpya, yote, sasa hivi. Unaweza kuisikia ile kelele ukiwa Kigoma.

Kumtumia Nimoy ulikuwa ujanja mkubwa, ndani na nje ya filamu. Waandishi, Roberto Orci na Alex Kurtzman, hawakusema kwamba mambo ya zamani hayakutokea. Walisema adui, Nero, amerudi nyuma kutoka wakati ujao, akaua baba wa Kirk siku Kirk anazaliwa, mwaka 2233, na tangu hapo mto umegawanyika mikondo miwili. Ule mkondo wa zamani bado upo, unatiririka kwake, na Spock mzee amevuka kutoka huko kuja kutoa ushahidi. Hakuna kipindi kilichofutwa hata kimoja. Kwa hiyo kesi ya miaka na sayari ilishajibiwa ndani ya filamu yenyewe, na miaka yote hii ninashangaa kuona bado inakatiwa rufaa.

Kesi ambayo ningeifungua mimi ni ya Uhura.

Turudi 1966. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyekuja kuwa Uhura wa kwanza, anaenda kwenye usaili akiwa na riwaya iitwayo Uhuru. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, analipenda neno. Wanalibadilisha mwisho kidogo, linakuwa Uhura. Kwa jicho la Mswahili linabaki kama kosa la mchapaji, lakini kumbuka wakati wenyewe: Kenya ina miaka mitatu tu tangu ipate uhuru, sisi Tanganyika mitano, na huko Marekani mwanamke mweusi kwenye runinga mara nyingi alipewa ufagio. Huyu akapewa kiti kwenye chumba cha uongozi. Nichols alipotaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King mwenyewe alimsihi abaki. Na kuna kipindi cha 1967 ambamo mashine inamfuta kumbukumbu zote, anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, Kiingereza kinamshinda, hasira zinampanda, anaropoka Kiswahili. Matamshi ya ajabu, sawa, nimeyasamehe. Lakini lugha iliyokuwa chini kabisa, chini ya kila walichomfuta, ilikuwa hii.

Jina la Nyota lilikuwa likizunguka kwenye vitabu tangu miaka ya 1980. Filamu ya 2009 ndiyo iliyolitamka kwenye skrini, na kwa hilo ninawapa asante yao. Zoe Saldana alimcheza vizuri, mkavu, hataki mchezo. Mwanzoni nilidhani safari hii tumepata. Kapteni Pike, mkuu wa Enterprise wakati huo, anamuuliza afisa mawasiliano aliyekuwa zamu kama anaweza kuwatofautisha Waromula, watu wa Nero, na Wavulcan, watu wa Spock, kwa lugha. Hana uhakika. Uhura anaulizwa kama anajua Kiromula. Anajibu: lahaja zote tatu. Anapewa kiti palepale. Sisi watu wa Kiamu na Kimvita na Kiunguja, watu tunaoweza kugombana saa nzima juu ya neno moja la Pemba, tulikuwa tumekaa wima kwenye kochi. Lahaja! Mtu anapandishwa kazi kwa kujua lahaja!

Halafu Nero anatokea kwenye skrini ya chombo, Mromula kamili, masikio yamechongoka na uso umejaa chale, na anasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, habari Christopher, mimi Nero.

Ndiyo basi. Kiromula hakikuhitajika tena. Mkalimani amekalishwa kwenye mkutano ambao wageni wote wanaongea lugha ya mwenyeji. Ni kweli yeye ndiye aliyenasa taarifa ya meli 47 za Waklingoni, taifa jingine la angani, kuteketezwa, ila hiyo inamfikia Pike kupitia mdomo wa Kirk, na sifa zinabaki kwa Kirk. Kuanzia hapo Uhura anafanya kazi ya kumpenda Spock: anamfariji kwenye lifti, anambusu wakati wa kuondoka. Mapigano ya mwisho yote anayasikiliza kwenye kifaa cha sikioni.

Huku kwetu mtu aliyekuwa akipendwa na kufanikiwa, mara mambo yake yakasinyaa bila sababu, tunasema kaibiwa nyota. Kaka ndiye aliyesema hivyo siku ile, filamu ikiwa inaisha. "Dada, wamempa nyota, wakamwibia hapohapo." Na katika kelele zote nilizowahi kuzisikia kuhusu filamu hii, walionuna juu ya yale mapenzi walinuna kwa niaba ya Spock, kwamba Mvulcan wa kweli habusu hadharani. Mikono iliyokuwa imekunjwa kulinda ratiba ya karne ya 23 haikunyooka kuuliza mwanamke huyu ameajiriwa kufanya nini.

Filamu ya pili, 2013, ilijaribu kidogo: Uhura anashuka kuongea na Waklingoni kwa lugha yao, mazungumzo yanavunjika, bunduki zinaanza. Mashabiki waliokutana Las Vegas mwaka huohuo wakaipigia kura kuwa filamu mbaya kuliko zote za Star Trek. Sababu yao kubwa ilikuwa Khan, adui wa zamani aliyerudishwa kwa sura ya Benedict Cumberbatch baada ya waandaaji kukana kwa miezi kwamba ni yeye. Safari hii niliwaunga mkono. Hapo hawakuanza upya, walikopi kifo cha Spock cha ile filamu ya 1982, wakabadilisha nani anakufa nyuma ya kioo.

Binti wa kaka hakuwa amezaliwa tulipomwaga ile chai. Juzi juzi nilikaa naye tukaangalia tamthilia ya 2022, Strange New Worlds, ambayo Celia Rose Gooding anamcheza Uhura akiwa bado mwanafunzi, Mkenya, anayejua lugha 37. Nyota ya mkia inaielekea sayari yenye watu, na chombo chake kimeshindwa kuisemesha. Uhura amenasa ndani yake, amechoka, anaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwao, na mawe yanawaka, yanamwitikia. Mlango ambao hadithi nzima ilikuwa inaugonga, unafunguliwa na yeye, kwa sauti, kwa kile anachokijua.

Mtoto alikuwa amenyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amelala. "Shangazi," akasema, "rudisha pale anapoimba."

Nikarudisha.