Bluzi ya Phil Collins kwenye harusi ya Sinza

Katika ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, si mbali na kituo cha Kwa Remmy, MC aliwaita bwana na bibi harusi wafungue muziki. DJ akaweka bluzi. Simu zikainuliwa, vigelegele vikapigwa, maharusi wakakumbatiana na kuanza kuyumba taratibu. Wimbo ulikuwa Another Day in Paradise wa Phil Collins, mwimbaji na mpiga dramu wa Uingereza: habari ya mwanamke asiye na pa kulala, nyayo zimejaa malengelenge, anamwomba mpita njia msaada. Mpita njia huyo anapiga mluzi na kuvuka barabara kama hajasikia.

Tangu siku hiyo nimeirudia mara nyingi albamu yenyewe, ...But Seriously, iliyotoka Novemba 1989. Je, ulaini wa muziki huu unaubeba uchungu wa maskini, au unaufunika?

Wanaosema unaufunika wana hoja nzito. Collins alikwisha kuwa tajiri. Albamu ilishika namba 1 Uingereza kwa wiki 15, na wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy ya Rekodi ya Mwaka, mwaka 1991. Mwanamuziki mwenzake Billy Bragg alimshutumu kwamba kuwaimba wasio na makazi bila vitendo ni kuwatumia tu. Ukumbi wa Sinza unawapa ushahidi: kinanda kinateleza, David Crosby anaitikia kwa upole, na asiyefuata maneno hachomwi na chochote.

Mwaka huohuo wa 1989, mwanamuziki wa dansi wa Dar, Remmy Ongala, na bendi yake Super Matimila walitoa Songs for the Poor Man kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel, ambaye Collins ndiye aliyerithi nafasi yake ya uimbaji katika kundi la roki la Genesis. Remmy aliimba akiwa amesimama na mnyonge, kwa Kiswahili, magitaa yakichangamka. Watu walicheza, tena sana, lakini walijua wanachoambiwa. Ukiziweka albamu hizi mbili pamoja, ya Collins inaonekana kama sauti ya mtu aliye nyuma ya kioo.

Lakini hapo ndipo ninapoanza kumtetea. Collins hakujifanya maskini. Anayemulikwa katika wimbo wake ni yule anayepita. Kaa kwenye foleni ya magari pale Fire, katikati ya Dar, saa 11 jioni. Mzee asiyeona anakuja akiongozwa na mtoto, kopo mkononi, na vioo vya magari vinapanda kimoja baada ya kingine. Mimi pia nimewahi kukipandisha changu. Nikimsikiliza Remmy najihesabu upande wa mnyonge, naimba naye, naona raha. Collins ananikuta nimeshika usukani. Na kwa kuwa sauti yake haifoki, siwezi kumzima kwa kisingizio kwamba ananitukana.

Nyimbo za mapenzi za albamu hii, hata ile yenye gitaa la Eric Clapton, sina ugomvi nazo. Ni bluzi nzuri na zinatosha kuwa bluzi. Ninapomdai zaidi ni Colours, wimbo wa karibu dakika 9 kuhusu ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Dar ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na iliwahifadhi wapigania uhuru kwa miaka mingi. Mtu aliyekulia katika mji huo anausikia mwanzo wa wimbo kama malalamiko ya adabu mno. Hapa ulaini unamwangusha kabisa. Kisha dramu zinalipuka katikati, na yule mpiga dramu wa tangu zamani anasema kwa mikono yake hasira ambayo sauti yake haikuifikisha. Natamani angeanzia hapo.

Kwa hiyo sikubali kwamba Another Day in Paradise ni unafiki wa tajiri, ila kwenye harusi ningemwomba DJ achague bluzi nyingine. Huu uachiwe redio ya gari, pale Fire, kioo kikiwa wazi.