Boriti na chokaa: tuusafishe msimbo wa kihariri au tuuandike upya?

Hapa Lamu, mimi na wenzangu wawili tunatunza programu ndogo ya kuchapia Kiswahili kwa hati mbili katika ukurasa mmoja, Kilatini na Kiarabu: kasida, tenzi, barua. Moyo wake ni kihariri, yaani lile eneo jeupe unamoandika, unamokoleza neno, unamobandika ulichonakili kwingine. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya, tumeurithi. Walioanza wameshakwenda zao, waliofuata wakatia viraka, na leo kuna faili moja lenye maelfu ya mistari ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuieleza yote. Tumegawanyika. Je, tuusafishe kidogo kidogo huku programu ikitumika, au tuutupe tuanze upya?

Mimi niko upande wa kusafisha. Ila wanaotaka kuanza upya wana hoja moja nzito ambayo nimelala nayo siku nyingi.

Nianze na kilichonitia hofu. Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hakisomeki vyema bila irabu. Herufi be ikiachwa tupu yaweza kuwa ba, bi au bu. Ndani ya kompyuta, kwa utaratibu wa Unicode, ule wa kuipa kila herufi namba yake, kasra (alama ya irabu i) iliyo chini ya be ni alama inayojitegemea, imehifadhiwa baada ya be yenyewe. Sasa, kwenye msimbo wetu kulikuwa na funksheni mbili (vipande vya msimbo, kila kimoja na kazi yake) za kufuta, zimefanana kama mapacha. Moja ni ya kitufe cha kufuta kurudi nyuma, ya pili ni ya kufuta kwenda mbele. Mwenzetu akaziunganisha, msimbo ukapungua, sote tukafurahi. Haikupita wiki, ustadhi mmoja anayeandika kasida zake kwa programu yetu akaja na karatasi mkononi. "Wanangu," akasema, "zamani nikikosea irabu nilifuta irabu peke yake. Sasa be nayo yaondoka."

Tukafungua toleo la zamani. Kumbe palikuwa na mstari mmoja mfupi usio na maelezo yoyote: ukirudi nyuma, futa alama ya mwisho tu, ukienda mbele, futa herufi pamoja na irabu zake. Sisi tuliudhani kasoro, kumbe aliyeuandika aliwahi kukaa na mwandishi akamtazama anavyoandika.

Kihariri kimejaa mistari kama huo. Umekoleza neno "bahari", ukaweka kishale, ile alama ya mahali unapoandika, mwisho wake, ukaongeza herufi moja: hiyo mpya iwe nzito au ya kawaida? Na ukiiongeza mwanzoni mwa neno? Ukitendua, yaani ukirudisha ulichokwisha kubadili, yarudi maandishi tu, au na ule mkolezo, na sehemu uliyokuwa umeichagua? Kila swali mtu fulani alilijibu siku fulani, na jibu halimo popote ila ndani ya msimbo. Mwenye kuandika upya atayajibu yote tena, na mengine atayakosea.

Wenye msimamo kama wangu hupenda kuitaja kampuni ya Netscape. Mwaka 1998 waliufungua msimbo wa kivinjari chao, kisha wakaamua kuuacha na kujenga mwingine. Toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 likaja mwishoni mwa 2000, na muda wote huo Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ilikuwa ikiwachukua watumiaji. Ni kweli, lakini habari hiyo ina nusu ya pili. Injini iliyokomaa katika kazi ile, Gecko, ndiyo iliyobeba kivinjari cha Firefox kilipotoka mwaka 2004. Kwa hiyo kuandika upya kulizaa kitu kizuri. Ni muda tu uliowashinda. Na sisi muda hatuna. Mfungo Sita ukiandama watu wanataka kasida zichapwe kwa ajili ya Maulidi, na Maulidi hayangoji toleo letu jipya.

Sasa ile hoja nzito. Tazama nyumba zetu za mawe Mji wa Kale: vyumba ni virefu na vyembamba. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Waweza kupaka chokaa upya, waweza kutoa boriti iliyooza ukatia nyingine huku watu wamelala chumba cha pili, lakini upana ni ule ule. Kihariri chetu nacho kina boriti yake. Waliokijenga walichukulia kwamba herufi inayofuata kwenye kumbukumbu iko kulia kwenye skrini. Kwa Kilatini ni sawa. Kwa Kiarabu iko kushoto. Tena ukiandika mwaka 1313 katikati ya mstari wa Kiarabu, tarakimu zinakwenda kushoto hadi kulia ndani ya mstari unaokwenda kinyume chake. Dhana hiyo imetapakaa katika kishale, katika kuchagua maneno, katika kukata mistari. Wenzangu wananiuliza, chokaa itafaa nini hapo? Wana haki ya kuuliza.

Kilichonituliza kidogo ni kazi ya watengenezaji wa Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo. Kihariri chao kiliweka kila mstari kama kitu chake peke yake, hadi mtu akashindwa kufungua faili la MB 35 tu lenye mistari milioni 13.7, kwa sababu lilidai kumbukumbu ya MB 600 hivi. Mwaka 2018 walibadili namna nzima ya kuhifadhi maandishi, lakini sehemu nyingine za kihariri ziliendelea kuuliza maswali yale yale kupitia mlango ule ule. Nakubali, wao ni wengi kutushinda, na maandishi yao hayana mikolezo kama yetu.

Hata hivyo njia ni hiyo. Kwanza majaribio yanayonasa programu inavyofanya leo, hata pale tunapodhani inakosea. Kisha kila swali la kulia na kushoto lihamishiwe mahali pamoja, hatua ndogo ndogo. Yakishakuwa yote nyuma ya mlango mmoja, hapo wenzangu waandike upya kilicho nyuma yake, nami nitawaunga mkono.

Wiki hii tumeanza na vile vitufe viwili vya kufuta. Ustadhi ametuletea beti nne zenye irabu zake zote na mwaka katikati, nazo ndizo jaribio letu la kwanza. Kufuta kumerudi kama zamani. Kishale bado kinaruka kikifika 1313, na sehemu hiyo ya jaribio tumeiacha ifeli kila siku, wazi, hadi boriti ibadilishwe.