Kamera ndogo inayovuta mbali: wasome wataalamu, achana na nyota zao

Nikiulizwa ninunue kamera gani ya mfukoni inayovuta mbali, jibu langu la kwanza huwaudhi watu: acha kuangalia nyota. Nyota nne na nusu, alama 82 kwa 100, "chaguo la mhariri", zote hizo ni hukumu za mtu asiyejua unaishi wapi wala unakwenda kupiga nini. Hapa Kigoma mahitaji yanajulikana hata kabla mtu hajafungua mdomo. Anayetafuta kamera ya aina hii ana safari ya Gombe au Mahale, hifadhi zetu za sokwe, au kuna mgeni wa kumpeleka huko, au anataka boti zinazotoka Kibirizi na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo.

Sisemi wataalamu wasisomwe. Nawasoma kila jioni nikishafunga studio, pengine kuliko inavyonifaa. DPReview, tovuti ya kuchambua kamera aliyoianzisha Phil Askey mwaka 1998, ilipotangazwa Machi 2023 kwamba inafungwa, mafundi picha wengi walisononeka, mimi nikiwamo. Bahati nzuri ilinunuliwa na kampuni ya Gear Patrol miezi michache baadaye ikaendelea. Thamani ya watu wale haikuwa katika alama walizotoa. Walikuwa na seti yao moja ya majaribio studioni, vitu vilevile na taa zilezile, na kamera mpya zilipigishwa picha ya seti hiyo. Ukiweka kamera mbili ubavuni mwa mwenzake unaona mwenyewe ipi inaleta chenga na ipi ni safi. Hicho ni kipimo, na kipimo kinasafiri hadi kwetu mtaa wa Mwanga, Kigoma, bila kuharibika. Maoni hayasafiri vizuri hivyo.

Sasa tuje kwenye hizi "mara". Mteja mmoja alinisogezea simu juu ya kaunta, amefungua kurasa mbili. "Kaka, hii Canon inavuta mara 40. Hii Sony mara 8 tu, halafu ndiyo yenye bei ya kutisha. Hawa watu wananionaje?"

Swali la haki kabisa. Canon PowerShot SX740 HS ilitoka 2018 ikiuzwa dola 400 hivi Marekani. Sony RX100 VII ilitoka mwaka uliofuata kwa karibu dola 1,200. Lenzi hupimwa kwa milimita, na zikiwa nyingi inavuta mbali zaidi: ya kwanza inakwenda kutoka milimita 24 hadi 960, ya pili kutoka 24 hadi 200. Hiyo "mara" ni kugawanya tu: 960 kwa 24 ni 40. Haikwambii chochote kuhusu ubora wa picha.

Tofauti ya bei imejificha ndani. Sensa ya hiyo Canon, yaani kile kibao cha ndani kinachonasa picha, ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6 hivi. Ya Sony ni 13.2 kwa 8.8. Kwa eneo, ya Sony ni zaidi ya mara nne, na eneo hilo ndilo linalopokea mwanga. Kuna na tundu la lenzi, linaloandikwa kwa f: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Canon ikiwa haijavutwa inafunguka hadi f/3.3, ikivutwa mpaka mwisho inabaki f/6.9, yaani mwanga unaoingia unashuka chini ya robo. Sony mwisho wake ni f/4.5.

Wakosoaji wengi hutaja f/6.9 kwa sentensi moja wakapita, kwa sababu wanaijaribu kamera mchana kweupe kwenye bustani ya mjini kwao. Gombe si bustani. Sokwe wako bondeni, chini ya miti iliyofungamana, manyoya yao meusi, nyuma yao kivuli. Fleshi hairuhusiwi. Kamera yenye sensa ndogo ikivutwa hadi mwisho mahali pale haina ujanja: ama ipunguze kasi ya kupiga na sokwe atoke ukungu kila anapogeuza kichwa, ama ipandishe ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, na manyoya yageuke uji. Kidhibiti mtikisiko kinatuliza mkono wako, mnyama hakimtulizi.

Halafu fanya hesabu ambayo sijaiona kwenye uchambuzi wowote niliousoma. Hifadhini unatakiwa kukaa angalau mita 10 kutoka kwa sokwe. Kwa mita 10, lenzi iliyovutwa hadi milimita 250 inachukua upana wa karibu mita 1.4, yaani sokwe aliyekaa anajaa kwenye picha, na majani kidogo pembeni. Kwa 960 unapata sentimita 37 au 38, uso peke yake, tena ukiwa umebana pumzi na yeye ametulia. Kwa hiyo kwa msitu, kile wanachokiita "zumu fupi" ndiyo zumu kamili. Panasonic TZ100 ya mwaka 2016 inavuta mara 10 tu, 25 hadi 250, ina sensa kubwa kama ya Sony, na kwa kazi ya Gombe ningeichukua hata ikiwa imetumika kuliko mashine mpya ya mara 40. Mdogo wake TZ200, wa 2018, anafika 360 lakini tundu lake ni dogo kidogo. Kwa msituni nabaki na TZ100, ingawa najua wapo watakaobisha.

Ziwani mambo yanageuka. Mwanga ni wa kumwaga, na furukombe aliyetua juu ya mti hakusubiri umkaribie. Hapo mara 30 na mara 40 zina kazi yake, hasa asubuhi. Ikifika saa sita mchana hewa juu ya maji inachezacheza, na mtumbwi wa mbali unaonekana kama umepigwa kupitia mvuke wa chai. Hakuna lenzi inayotibu hilo, hata Nikon P1000 yenye milimita 3000 na uzito wa kilo 1.4. Taa za dagaa usiku? Kwa kamera hizi, ukivuta mpaka mwisho ukiwa umesimama kwenye boti, sahau.

Jambo lingine linalopitwa haraka ni kitundu cha kuchungulia. Panasonic walipotoa TZ99 mwaka 2025 waliweka USB-C, jambo jema, unaichaji kwa chaja ya simu. Lakini TZ95 iliyoitangulia ilikuwa na kitundu, TZ99 haina. Mchambuzi aliyekaa kwenye mawingu ya London ataandika hasara hiyo mwisho wa orodha. Wewe kaa kwenye boti ya kwenda Mwamgongo, jua limepiga maji na kurudi usoni, uone kama skrini inakuonyesha kitu zaidi ya pua yako.

Kuhusu betri, zile idadi za picha zinatoka kwenye kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, ambacho kinapiga picha kila sekunde 30 na kuwasha fleshi kila picha ya pili. Wewe hutawasha fleshi, ila utavuta na kurudisha lenzi na kutazama picha kwenye skrini muda wote. Beba ya akiba, basi.

Namna ninavyosoma ni hii. Naanzia kwenye kasoro. Natafuta wachambuzi wawili wasiokubaliana, kisha nauliza kila mmoja alipiga wapi na kwa mwanga gani. Mara nyingi wote wako sahihi, kila mtu kwao. Ukurasa wenye vitufe vya "nunua hapa" kila aya unajua nani anamlipa nani, ingawa haimaanishi wanadanganya. Na kwa kamera iliyotumika nawaamini zaidi wanaoimiliki miaka miwili kuliko mtaalamu aliyeazimwa wiki mbili. Ni wenye nazo waliolalamika kwamba TZ100 na TZ200 hunyonya vumbi, maana lenzi ikitoka na kuingia inavuta hewa, na vumbi likifika kwenye sensa haliondoki kwa kitambaa. Kwa mji wenye mchanga wa ufukweni na vumbi la kiangazi, hilo lilistahili kuandikwa ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo ukipata moja iliyotumika, Kariakoo au kwa mtu anayerudi kwao, usilipe kabla ya kuijaribu. Funga tundu hadi f/8, vuta lenzi mpaka mwisho, piga ukuta mweupe au anga tupu, kisha kuza picha uitazame kona hadi kona. Ukiona vidoti vyeusi vinavyobaki palepale hata ukielekeza kamera kwingine, vumbi limeshaingia ndani, na kulifikia ni lazima kamera ifunguliwe yote. Muuzaji atakwambia ni uchafu wa kioo cha mbele tu. Mpe kitambaa afute, kisha piga tena.