Mwalimu aliuacha uwaziri mkuu mwaka 1962

Makala yenu kuhusu Mwalimu Nyerere inamsifu kwa kung'atuka urais mwaka 1985, na sifa hiyo ni haki yake, lakini kwa maoni yangu imeruka tukio zito zaidi. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa serikali, kisha akarudi kwa wanachama majimboni na vijijini kukijenga upya chama cha TANU, ambacho lengo lake la kwanza, yaani Uhuru, lilikuwa limekwisha kutimia. Huyu ndiye aliyekwisha kuacha kazi ya ualimu kule Pugu mwaka 1955, pamoja na mshahara wake, kwa ajili ya chama hicho hicho. Namwomba mhariri aiongeze habari hii, maana vijana wetu wengi wanamjua Mwalimu wa Ikulu tu, na mzee Kawawa hawamjui kabisa.