Tiketi mbili za bei nafuu, safari moja isiyo na mwenyewe

Watanzania tunaoishi Ujerumani tunapanda treni kuliko tulivyowahi kupanda nyumbani, na kwa kuwa wengi wetu tunahesabu kila euro, tumejifunza kuikata safari moja vipande viwili au vitatu ili kila kipande tukinunue kwa nauli ya punguzo. Jambo hili husifiwa kama ujanja wa abiria anayejua kutafuta. Mimi naona kwamba linamtwisha abiria hasara ambayo ilipaswa kubebwa na wenye treni, na kwamba sheria za Ulaya, pamoja na uzuri wake, bado zinailinda karatasi zaidi ya kuilinda safari.

Chukua mfano ulio wa kawaida kabisa huku. Mtu anakaa mji mdogo na ana Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na usafiri wa mijini, ambayo ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na tangu Januari 2026 inauzwa euro 63. Anakwenda München kupitia Hannover, kwa hiyo hadi Hannover anatumia tiketi yake ya mwezi, na kutoka hapo ananunua Super Sparpreis, nauli ya chini inayomfunga kwenye treni moja iliyotajwa kwa siku na saa. Treni ya mkoa ikichelewa, ile ya masafa marefu inaondoka bila yeye. Machoni pa sheria hakuna aliyemkosea, kwa sababu treni aliyoilipia iliondoka kwa wakati wake, na aliyekosekana ni yeye. Angekuwa na tiketi moja ya punguzo kwa njia hiyo hiyo, mambo yangekuwa tofauti kabisa: ikitarajiwa kwamba atafika mwisho wa safari akiwa amechelewa dakika 20 au zaidi, anafunguliwa kutoka kwenye treni ile moja na kuruhusiwa kupanda nyingine, akichelewa dakika 60 anastahili kurudishiwa asilimia 25 ya nauli, na zikifika 120 anastahili asilimia 50.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya vituo vya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, vilivyofikiwa kwa wakati, na hata katika hesabu hiyo, treni iliyochelewa chini ya dakika sita inahesabiwa kuwa imewahi. Abiria anayebadili treni kwa dakika nane za nafasi, huku ameshika mikataba miwili isiyojuana, anacheza na fedha zake.

Kinachoniumiza zaidi ni ukubwa wa adhabu yenyewe. Nyumbani ukishuka Dodoma kutoka treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, na ukakuta basi lako la Singida au Mwanza limeondoka, unaweza kupoteza nauli yako, na hiyo ni hasara ya kweli kwa familia yenye kipato kidogo. Lakini nauli ya basi linalofuata inajulikana, kwa kuwa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, huweka ukomo wa nauli za mabasi kwa kilometa, na mwenye basi haruhusiwi kukutoza mara tatu kwa sababu tu umefika dirishani dakika ya mwisho. Huku nauli hupanda kadiri saa ya kuondoka inavyokaribia. Aliyepoteza tiketi ya punguzo analazimika kununua nyingine kwa bei ya siku hiyo, ambayo yaweza kuwa mara kadhaa ya ile aliyoipoteza, na hapo akiba aliyoitafuta kwa wiki nzima inayeyuka na kuacha deni.

Sisemi kwamba nyumbani tuna ulinzi bora. Basi likiharibika njiani, kondakta hufaulisha abiria kwenye basi jingine, na nimeona jambo hilo likifanyika kwa utu mkubwa. Hata hivyo utu wa kondakta hauwezi kudaiwa mbele ya ofisi yoyote. Ulaya ina haki zilizoandikwa, na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, inayotumika tangu tarehe 7 Juni 2023, ilipiga hatua nzuri: wakala anayeunganisha tiketi mwenyewe na kuziuza kwa malipo ya mara moja anawajibika, abiria akikosa treni ya kuunganisha, kumrudishia fedha zote na kumlipa fidia ya asilimia 75 juu yake. Kisha kanuni hiyo hiyo ikafungua mlango wa kutorokea, kwani wajibu huo unaondoka iwapo tiketi zimeandikwa kwamba ni mikataba tofauti na abiria akaarifiwa kabla ya kulipa. Ni nani asomaye maandishi hayo kwenye simu, kwa lugha ya kigeni, huku bei ikikaribia kupanda?

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Uingereza inaonyesha, ingawa imetoka katika Umoja wa Ulaya. Masharti ya usafiri wa reli huko yanamruhusu abiria kuunganisha tiketi mbili au zaidi kwa safari moja, mradi treni isimame kwenye kituo ambapo tiketi moja inaishia na nyingine kuanza, na akiwa ameacha muda wa kutosha wa kubadili treni, kuchelewa hupimwa kwa safari nzima. Kampuni za reli huko ni nyingi, na hilo halijazuia kitu.

Ndiyo maana nawaandikia hasa walio nyumbani. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na vipande vya kuelekea Tabora na Mwanza bado vinajengwa, kwa hiyo kwa miaka kadhaa abiria wengi watashuka treni na kupanda basi, kwa tiketi mbili, kwenye kituo cha reli na stendi ambavyo haviko mahali pamoja. LATRA inasimamia reli na mabasi pia. Inaweza kuagiza sasa kwamba yeyote atakayeuza treni na basi kwa malipo mamoja abebe dhamana ya kumfikisha abiria mwisho wa safari, na kwamba dhamana hiyo isifutwe kwa sentensi iliyochapwa chini ya tiketi.